Shuka Lenye Alama ya Pasi

Shuka ni langu, la mwaka nilioolewa.
Katikati, chini kidogo, pana alama ya pasi,
kahawia, umbo la jani la mkungu:
stima ilikatika, nikasahau, ikarudi.
Nimeligongomea ukutani kwa misumari minne,
Gredi ya Nane, Kisauni.

Madirisha tumeyaziba kwa magunia ya mchele,
ila jua la huku halizibiki,
lapenya tunduni, latia nukta sakafuni
pasipo na sentensi.
Vijana arubaini na tisa, midomo myekundu kwa mabuyu.

Projekta ni ya Shekue, mpiga video za harusi.
Ameniazima hadi saa nane, hadi saa nane tu.
Kabla filamu yangu haijaanza
akatokea bi harusi tusiyemjua, hina hadi viwikoni.
Darasa likapiga vigelegele.
“Haya, mwambieni kwa Kiingereza amependeza.”
Vigelegele vikakoma.

Bwana Mwachiro, mwalimu mkuu, akachungulia:
“Hapa ni shule au ni sinema?”
Nikamjibu kwa Kiingereza kirefu. Akaenda zake.

Filamu yenyewe si ya ajabu.
Nchi ya baridi, watu wavaa makoti hata ndani,
ukumbi wa hospitali, mwanamume na kikombe.
Alama ya pasi imemkaa shavuni.
Akisogea, yahamia kwa muuguzi,
kisha mlangoni, kisha kwenye mvua.
Wiki iliyopita Famau aliandika katika insha
kwamba nchi ile kila mtu ameungua mahali.
Kalamu nyekundu niliishika, nikaiweka.
Nikampa alama zote.

Kikombe chaanguka. Muuguzi asema: sori.
Nasimamisha. Narudisha nyuma:
vigae vyainuka, vyashikana, kikombe ni kizima mkononi,
kisha chaanguka tena.
Mara sita twakivunja, mara sita twarudia neno.

Kadzo akainua mkono.
“Mwalimu, mbona muuguzi aomba msamaha?
Si yeye aliyekivunja.”

Nikaeleza: kwao hapo mlango ni mmoja,
apita mwenye kosa, apita mwenye huruma.
Sisi tuna samahani, na tuna pole.
“Sasa mtu ajuaje ameombwa radhi au ameonewa uchungu?”
Kitabu cha wizara hakina ukurasa huo.
“Sikiza sauti,” nikasema,
“inapopanda, na inapotua.”
Ndiyo sababu nabeba shuka na misumari:
kitabuni neno halina koo.

Kisha nikazima sauti. Zoezi ndilo hilo.
Midomo yacheza, nanyi muitie maneno.
Famau akamgeuza daktari mchuuzi,
akapigania bei ya dawa
kwa Kiingereza cha soko la Kongowea.
Tukacheka hadi gunia moja likadondoka.

Lakini mwanamume yule hasemi kitu.
Ameinama, aokota vigae, midomo imefungwa.
Nani atamtilia maneno asiyesema?

Sidi.
Akaaye nyuma, karibu na gunia.
Ambaye mamake yuko Makadara, wadi ya juu, tangu Pasaka.
Tangu Januari sijamsikia akimaliza sentensi.
Akasema kwa Kiingereza, polepole,
kama avukaye barabara:
daktari alisema kesho.
Kila siku, alisema kesho.

Kitenzi kilivaa wakati usio wake.
Au ulikuwa wake. Sikuuliza.

Ukutani mtu aliendelea kuokota.
Feni ilisaga joto.
Ndipo Kadzo, bila kugeuka, akasema, sori,
na sauti yake ikatua
palepale inapotua pole.

Mlango ukagongwa. Shekue, funguo mkononi:
“Mwalimu, saa nane. Bi harusi angoja.”